Bosi anakusumbua kingono kazini? Usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujasoma hii

Dada yangu, na kaka pia maana na nyie yanawakuta ila mnanyamaza, kama bosi au supavaiza anakusumbua na umefika mahali unawaza bora niache tu kazi nipumue, tafadhali hiyo barua usiiandike leo. Mi nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kiwanda kimoja hapa Dar kwa miaka mingi, nimewasindikiza wenzangu CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), na kinachoniuma kuliko vyote ni kumkuta mtu mwenye kesi nzuri kabisa, idara nzima inajua alichofanyiwa, halafu barua yake imeandikwa anaacha kazi kwa sababu za kifamilia na anaushukuru uongozi kwa ushirikiano. Mwajiri akifika kwa msuluhishi anatoa hiyo barua tu, hana haja ya kusema mengi.

Naelewa kwanini watu wanaandika hivyo, unaogopa aibu, unataka stahiki zako bila maneno, nyumbani hawajui kitu na hutaki wajue. Lakini sheria ipo upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 inasema unyanyasaji wa mfanyakazi ni aina ya ubaguzi, na ukishaonyesha ushahidi wa mwanzo unaoeleweka mzigo unahamia kwa mwajiri, yeye ndio athibitishe kwamba hakukuwa na ubaguzi. Halafu kuna kanuni za 2007, GN 42 (yaani Tangazo la Serikali namba 42), kanuni ya 7, hii ndio watu wengi hawaijui kabisa: unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kukulinda dhidi yake, unaweza kuwa sababu tosha ya kusema umelazimishwa kuacha kazi, na ikithibitika sheria inahesabu kwamba mwajiri ndio kakuachisha, hata kama barua umeisaini mwenyewe. Ila hapo kwenye kuacha kazi wewe ndio unaanza kuthibitisha, na swali la kwanza utakaloulizwa ni je, ulilalamika kwa nani na lini?

Kwahiyo andika malalamiko, na ukiandika usiseme tu "ananisumbua", sema tarehe, saa, mlikuwa wapi, alitamka neno gani hata kama linatia aibu kuliandika, alikushika wapi, wewe ulimjibu nini, nani alikuwa karibu. Peleka kwa aliye juu yake au kwa afisa utumishi, toa kopi, yako igongwe mhuri wa kupokelewa au wasaini kwenye dispachi. Kwetu kulikuwa na supavaiza wa upakiaji ambaye ovataimu alikuwa anawapa wanaomkubalia, ukimkataa unapangwa zamu mbaya mwezi mzima, dada mmoja akajitoa muhanga tukaandika naye barua, afisa utumishi akagoma kuipokea anatuambia tukayamalize wenyewe kama watu wazima. Tukaituma kwa rejesta ya posta. Baadae mbele ya msuluhishi kampuni ikadai haijawahi kusikia lolote, ndipo tukatoa risiti ya posta na kopi ya barua, na mazungumzo yakabadilika palepale, wakakubali kulipa.

Meseji na voisi noti usifute hata kama zinakutia kinyaa. Piga skrinishoti, tuma kwenye imeili yako binafsi (sio ya kazini, hiyo wanaifunga siku wakikutoa), na simu yenyewe itunze usiiuze, maana ushahidi wa kielektroniki unakubalika tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ila wataangalia kama haujachezewa, na simu yenye meseji zenyewe ina nguvu kuliko picha yake.

Sasa siku. Ukiachishwa au ukilazimika kuacha una siku 30 kupeleka mgogoro CMA, malalamiko mengine siku 60 tangu tatizo litokee, unajaza fomu CMA F1 na hulipii. Ukichelewa kuna F2 ya kuomba kuongezewa muda lakini lazima uwe na sababu ya maana, "nilikuwa naogopa" peke yake ni kamari. Kama hujafikisha miezi 6 kazini huwezi kudai uachishwaji usio halali, ila dai la ubaguzi unalo, hata muombaji kazi analindwa. Wakili sio lazima, unaweza kuwakilishwa na mtu wa chama chako cha wafanyakazi au mtu wako uliyemchagua mwenyewe.

Kama kakwambia kazi, mkataba au cheo utakipata ukilala naye, hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, piga TAKUKURU 113 bure na uwapigie kabla hujaenda kuonana naye sio baada. Maneno na vitendo vya udhalilishaji wa kijinsia ni kosa la jinai pia, kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka 5, unaenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Na kama amekuingilia kwa nguvu, achana na barua kwanza, chukua PF3 (fomu ya polisi ya kwendea hospitali) na nenda hospitali siku hiyohiyo, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72.

Hela ya wakili kama huna usikae nyumbani. Mashirika ya LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), TAWLA (chama cha wanawake wanasheria) na WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake) wanatoa msaada wa kisheria bure kwa wasiojiweza, na kwenye mitaa na vijiji kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hawa watakusaidia hata kuandika ile barua ya malalamiko vizuri. Nenda na mkataba, salari slipu, kopi ya malalamiko na simu yako.

Mkifikia makubaliano CMA soma karatasi yote kabla ya kusaini, hasa pale panaposema huna madai mengine, na angalia cheti cha utumishi kimetajwa maana ni haki yako kwa kifungu cha 44 cha ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ila waajiri wengi wanakitumia kukufunga mdomo. Kama hakimo mwambie msuluhishi kiandikwe kwanza ndio uweke sahihi.