Noah, bibi, watoto watatu na siku nne: twende hifadhi zipi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni seremala hapa Majengo, Moshi. Nimejibana mwaka mzima ili likizo hii ya Juni niwapeleke mbugani mke wangu, watoto wetu watatu (miaka 13, 9 na 4) na mama yangu mzazi mwenye miaka 72. Nina gari, Toyota Noah ya kawaida, haivuti magurudumu yote manne, na nina siku nne tu. Nimepanga Arusha, Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, halafu tugeuze. Shemeji yangu anasema Noah haiingii hifadhi yoyote, na kwamba mama atachoka bure, bora abaki nyumbani. Naomba unipe ukweli. – Baba wa Watatu, Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mama, maana habari ya gari ina dawa yake. Mama asibaki. Nimeendesha magari ya watalii miaka 19, nikitokea Moshi na Arusha. Nimebeba wazee wa Ulaya na Marekani wenye miaka 80 na zaidi, wengine tukiwapandisha garini kwa kuwashika mikono yote miwili, na sijawahi kusikia watoto wao wakisema bora wangeachwa. Sisi ndio tunaowaacha wetu. Mzee amekaa miaka yote kando ya barabara akipigwa vumbi na magari yanayokwenda mbugani, na hajawahi kuona yanakokwenda.

Mama yangu nilimpeleka mara moja tu. Ilikuwa Tarangire, mwezi wa Septemba, mto umebaki mchanga na madimbwi ya hapa na pale. Yeye alikulia tambarare ya Sanya, na tembo kwake alikuwa yule anayesikika usiku akivunja mahindi. Nikasimama juu ya ukingo, nikazima injini. Chini yetu jike mmoja alikuwa anachimba. Anakwangua mchanga kwa mguu wa mbele, anausukuma nyuma, kisha anazamisha mkonga na kutoa mchanga uliolowa, anautupa pembeni. Shimo likafika kina cha ndoo. Hapo akaacha kuchimba, akasimama. Mwanawe akawa anajipenyeza chini ya kidevu chake, naye anamzuia kwa goti, taratibu, mpaka maji yakajikusanya na tope likatulia. Ndipo akanywa, ndipo akampisha mtoto. Walipoondoka wakashuka nyani, wakanywa kwenye shimo lile lile.

Mama alikuwa ameshika chuma cha dirisha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Anachimba kama tulivyokuwa tunachimba sisi kiangazi. Na yeye anangoja yachujike." Tulikaa pale karibu saa nzima. Hakuniuliza simba wako wapi. Alifariki miaka mitatu baadaye, na kwenye msiba majirani zake walikuwa wananisimulia mimi habari za tembo yule, mguu kwa mguu, kana kwamba sikuwepo.

Sasa ratiba yako. Ipunguze, tena sana. Hifadhi tano kwa siku nne ni safari ya lami, na watoto utakuwa umewalipia kuangalia migongo ya malori. Serengeti iondoe kabisa mwaka huu. Kutoka Arusha mpaka Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300, lami inaishia lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, na kutoka hapo ni barabara ya kutikisa mifupa. Tena huwezi kufika Serengeti kwa njia hiyo bila kukatiza Ngorongoro, na Ngorongoro ni mamlaka nyingine, haiko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa hiyo unalipa kwao wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kwa mtu mwenye siku nne na mtoto wa miaka minne, hapana. Serengeti ipo tangu 1951, itakusubiri.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Siku ya kwanza tokeni Moshi alfajiri, mpite njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, na mkifika Usa River mkate kulia kwenda Hifadhi ya Arusha. Mkivuka lango la Ngongongare tu mnakutana na uwanda mdogo unaoitwa Serengeti Ndogo, na hapo nyati, pundamilia na ngiri huwa wanachunga pamoja kama mifugo ya kijiji. Juni asubuhi kuna ukungu na baridi, kwa hiyo msikimbilie kreta ya Ngurdoto kwanza, mtaona pamba tupu. Nendeni kwenye maziwa ya Momella, mrudi Ngurdoto jua likishapanda. Kreta yenyewe mtaitazama kutoka juu, hakuna anayeruhusiwa kushuka. Waambie watoto watazame rangi za yale maziwa: yako jirani kabisa lakini hayafanani, kwa sababu kila moja lina chumvi zake na mimea yake midogo ya majini. Mkibahatika mtakuta heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu. Mawingu yakiachia, Mlima Meru wenye mita 4,566 inakuwa juu ya vichwa vyenu. Laleni Usa River au Arusha mjini.

Siku ya pili na ya tatu zipe Tarangire. Ndiyo, zote mbili. Kutoka Arusha ni kama kilomita 120, barabara ya Dodoma. Mkifika Makuyuni msikate kulia, nyosheni mpaka Kwa Kuchinja, hapo ndipo mnaingia kushoto kwenda langoni. Kati ya Makuyuni na Kwa Kuchinja endesha kwa adabu, kwa sababu wanyama wanaivuka barabara hiyo wakienda na kurudi upande wa Ziwa Manyara. Tarangire nakupangia siku mbili kwa sababu siku ya kwanza watu wanahesabu: tembo wangapi, twiga wangapi, nani kaona kwanza. Siku ya pili wanatulia, na hapo ndipo wanaona. Mwisho wa Juni mvua imeshakatika, maji ya mbali yanakauka, na tembo wanaanza kurudi mtoni. Chagua ukingo wenye kivuli, zima injini, wape watoto karanga, ngoja. Mama yako atakusaidia kwa hili. Wazee wanajua kungoja.

Siku ya nne rudini nyumbani. Mkiwa na nguvu na fedha imebaki, katikeni Makuyuni mkaione Manyara kwa nusu siku: lango liko Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na mnaanza na msitu mzito wenye nyani wengi. Mkichoka, msiende. Nunueni ndizi nyekundu za Mto wa Mbu kwenye maduka ya barabarani huko Makuyuni kama mtazikuta, mrudi Moshi mapema.

Kuhusu Noah, shemeji yako ana nusu ya ukweli. Ndani ya kreta ya Ngorongoro haishuki: hapo ni magari yanayovuta magurudumu yote manne tu, na ukiiona ile barabara ya kushukia hutauliza kwa nini. Ukitaka kreta mwaka mwingine, acha Noah Karatu mkodi Land Cruiser ya siku moja, mgawane gharama na familia nyingine. Lakini Hifadhi ya Arusha na njia kuu za Tarangire wakati wa kiangazi nimekutana na Noah mara nyingi, zimejaa watu wa kwetu, na moyo wangu hufurahi. Adui wako ni wawili. Wa kwanza ni jiwe lililosimama katikati ya barabara, kwa sababu sampu ya Noah, lile bakuli la oili chini ya injini, iko chini. Usipakie mizigo mpaka gari lilale. Wa pili ni udongo mweusi. Ukikauka ni mgumu kama saruji, ukilowa mvua ya robo saa unakushika mpaka uitiwe trekta. Kwa hiyo kabla hujalipa muulize askari wa langoni njia zikoje wiki hiyo, mwambie gari lako ni lipi, na akikwambia usiende upande fulani, usiende. Tairi la akiba likague upepo wake ukiwa bado Moshi, na jeki uijaribu hapo hapo uwani kwako. Nimemsaidia baba mmoja Tarangire aliyekuwa na tairi zuri la akiba lakini spana ya nati ilikuwa ya gari lingine. Watoto wake walikaa saa mbili juani bila kushuka, kwa sababu kushuka hairuhusiwi.

Malipo. Langoni hawapokei fedha taslimu. Unatengenezewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, benki au kadi. Hakikisha fedha ziko kwenye simu kabla hujafika, na ikiwezekana ziwe kwenye laini mbili, maana mtandao ukigoma mnakaa getini huku jua linapanda na wanyama wanaingia kivulini. Beba vitambulisho vya taifa vya watu wazima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania kinalipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Huyo wako wa miaka minne haingii kwenye hesabu. Walio chini ya miaka 5 hawalipi.

Nguo: Tarangire kuna mbung'o, na mbung'o anapenda bluu na nyeusi. Sare za shule za bluu ziacheni. Vaeni kaki, kahawia, rangi ya majani makavu. Mama avae kitenge chake chenye rangi hizo, na sweta, maana asubuhi za Juni zinauma. Chakula pikeni wenyewe, chapati na mayai ya kuchemsha vinatosha, ila kwenye sehemu za kulia msiweke chakula mezani mkageuka kupiga picha. Tumbili wa Tarangire anachukua chapati mkononi mwa mtoto bila hata kumgusa kidole. Na mifuko ya plastiki msibebe. Imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Vikapu vyetu vinatosha.

Mama akae mbele, kiti cha dirishani. Wewe unaendesha, mke wako awe na watoto nyuma. Akitaka msimame, simama.

SWALI: Sisi ni wanawake nane wa kikoba hapa Sakina, Arusha. Hatutaki kukaa kwenye gari, tunataka kutembea kwa miguu ndani ya Hifadhi ya Arusha. Wenzetu wanatutisha na simba. Je, tuthubutu? – Mweka Hazina

JIBU: Thubutuni, dada zangu. Hifadhi ya Arusha siyo ya kuogopea simba. Mnyama wa kumheshimu pale ni nyati, hasa dume la peke yake lililolala kwenye majani, na ndiyo sababu hamtembei bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Yeye anatangulia, ninyi mnafuata kwa mstari mmoja, na akiinua mkono mnanyamaza wote nane kwa pamoja. Hilo ndilo gumu kwa kikoba chochote ninachokijua, kwa hiyo mkubaliane kabla. Ombeni njia ya maporomoko ya Tululusia. Vaeni viatu vilivyofunika mguu, mbebe koti la mvua hata kama Sakina kumekucha na jua.

Mtapita karibu na twiga kuliko gari lolote linavyoweza kuwafikisha, mtamsikia anavyokatakata majani. Msituni inueni macho. Mkiona kitu cheupe kinaning'inia kama mkia wa shuka iliyoanikwa, huyo ni mbega. Mwombeni askari darubini, mtazame mkono wake akishika tawi: vidole vinne virefu, na mahali pa gumba hakuna kitu.