Kobe wa jirani hafungui macho

Shikamoo mjomba. Jirani yetu hapa Greensboro, North Carolina, alihama mwezi wa nane akatuachia kobe aliyeishi naye miaka sita. Ana mistari ya njano mgongoni. Tunamweka sebuleni kwenye tangi la kioo la samaki, karibu na dirisha apate jua, chini tumemtandikia magazeti, na tunampa majani ya saladi. Wiki ya pili sasa hali, macho yamevimba hayafunguki, na kabla ya hapo alikuwa akiparua kioo mchana kutwa. Mwanangu wa miaka mitatu anampenda mno, humbusu. Wenzangu wanasema baridi inaingia, nimwache alale. Nifanyeje? — Mama wa watatu

Marahaba, mama. Kwanza kabisa, asilale. Ni kweli kobe hawa, ambao Wamarekani huwaita kobe wa sanduku, hujifukia ardhini kuanzia kama mwezi wa kumi hadi wa nne. Lakini anayeamka salama ni yule aliyeingia na afya na akiba mwilini. Mgonjwa akijifukia, mara nyingi haamki tena. Baridi hii ipite akiwa ndani, kwenye joto.

Nimefanya kazi kliniki ya wanyama katika jimbo hilihili miaka 11, na macho ya namna hiyo nimeyaona mara nyingi: kope imenenepa kama kunde iliyolowekwa usiku kucha. Mara nyingi chanzo ni ukosefu wa vitamini A pamoja na hewa kavu ya nyumbani. Mtafutie daktari wa wanyama anayetibu watambaao, wiki hiihii, na umwombe amtazame masikio pia, maana usaha hupenda kujikusanya hapo. Usinunue matone ya vitamini ukampimia mwenyewe. Vitamini A ikizidi humchubua ngozi.

Tangi la kioo liondoe. Kobe haelewi kioo. Anaona upande wa pili hakuna kizuizi, basi ataparua mpaka achoke, na kesho aanze upya. Mtafutie beseni kubwa la plastiki lisiloonyesha nje, urefu wa mita 1.2 hivi na upana wa sentimita 60. Magazeti yatupe. Jaza udongo safi usio na mbolea, uliochanganywa na majani makavu na maganda ya miti, kina cha sentimita 15 au zaidi, na uunyunyizie maji kila siku ubaki na unyevu bila kuwa tope. Huyu ni kobe wa msituni, anataka kujizika.

Upande mmoja weka taa ya joto ifikishe nyuzi 29 au 30, upande wa pili ubaki kwenye 22, achague mwenyewe. Ongeza taa ya UVB, yaani inayotoa miale kama ile ya jua isiyoonekana kwa macho, kwa saa 12 kwa siku. Jua la dirishani halimsaidii, kwa sababu kioo huzuia miale hiyo, na bila hiyo mwili hautumii kalsiamu na gamba hulegea. Kila siku mwogeshe kwenye maji ya uvuguvugu yanayomfika kidevuni tu, dakika 20.

Majani ya saladi ni maji matupu. Mpe minyoo ya ardhini, konokono, uyoga wa dukani, boga na kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, stroberi kidogo. Kobe mmoja wa pale kliniki alikataa kila kitu wiki tatu. Siku macho yalipofunguka nilimwekea mnyoo juu ya jani bichi. Alitoa shingo polepole, akainamisha kichwa, akamtazama kwa jicho moja kwa muda mrefu, kisha akamdaka. Nilikaa pale mpaka akammaliza.

Na mtoto asimbusu tena, tafadhali sana. Kobe anaweza kubeba salmonela, vijidudu vinavyoharisha watu, akiwa mzima kabisa kwa kumwangalia. Tangu 1975 Marekani imekataza kuuza kobe wadogo wasiofika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Mikono ioshwe kwa sabuni kila akiguswa, na beseni lake lisioshwe kwenye sinki la jikoni.

Mjomba, mwezi uliopita, baada ya mvua, nilimkuta kobe kama huyo akivuka barabara nje ya Raleigh, nikamchukua. Nimtengenezee banda la aina gani? — Dereva

Hakuna banda, ndugu yangu. Mrudishe. Kobe huyu huishi maisha yake yote kwenye eneo dogo, mara nyingi si kubwa kuliko kiwanja cha mpira au viwili, na anaweza kufika miaka 50 na kuendelea. Ukimwachia msitu mwingine atatangatanga akitafuta kwao, na barabara ndiyo humwua. Jike hutaga mayai machache tu kwa mwaka, na wanaofikia utu uzima ni wachache zaidi, kwa hiyo mmoja akiondoka ni pengo kubwa. Ndiyo maana jimbo letu la North Carolina, lililomfanya mtambaazi wake rasmi mwaka 1979, linawahimiza watu wamwache porini.

Nenda palepale ulipomwokota, umweke upande aliokuwa akielekea, mbali kidogo na lami. Atajifungia kwanza, gamba la tumboni lina bawaba, huinuka likaziba kama mlango. Ondoka, atatoka mwenyewe.