Kumhudumia jirani asiyeshukuru

Dada yangu, umeeleza kuwa unampelekea jirani yako mgonjwa hapo Malindi chakula kila siku, hasemi hata asante, na sasa moyo umepoa. Pole, inauma. Lakini katika Luka 14 Yesu alisema ukifanya karamu uwaalike maskini, vilema na vipofu, maana hao hawana cha kukulipa. Kwa hiyo usiache. Ila punguza, nawe una wanao. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mtu asitoe kwa kulazimishwa. Waombe kina mama wa kanisani mpokezane zamu. Siku yako ikifika, usiache sufuria mlangoni ukakimbilia sokoni. Keti naye, mpakulie wali, mchambulie samaki miba, umsikilize hata akilalamika. Na vyombo umwoshee kabla hujaondoka.