Atomu moja moja kwenye sapoti: mambo ya kujua kabla hujagusa platinamu

Wadogo zangu mnaoanza masta huku Tengeru na mmepewa topiki ya vichocheo vya atomu moja moja, naona kila anayeingia maabara anauliza chumvi ya platinamu ipo au imeisha. Tulieni kwanza. Platinamu ni ghali kweli, ila itakayokula muda wako ni sapoti, yaani ule unga unaoibeba metali.

Iko hivi, atomu ya metali ikiwa peke yake juu ya oksaidi haitulii, inatembea, ikikutana na wenzake wanajikusanya wanakuwa chembe, na ukipandisha joto ndo kabisa. Kinachoishika ni bondi na uso wa sapoti, mfano oksijeni za seria (oksaidi ya seriamu) pale kwenye kasoro na kingo za fuwele, au nitrojeni zilizopachikwa kwenye kaboni. Na hizo sehemu haziko nyingi kihivyo. Sasa piga hesabu: gramu moja ya sapoti yenye eneo la mita za mraba 100, ukiweka platinamu asilimia 0.2 kwa uzito, kila atomu ina kama nanomita 16 za mraba za kwake, sawa. Ukisema ngoja niweke asilimia 2 ili matokeo yaonekane, inabaki 1.6 hivi, hapo ni haisi ya asubuhi, siti zimejaa na konda bado anaita watu. Ile kazi ya 2011 ya Zhang Tao na wenzake kule Uchina, platinamu kwenye oksaidi ya chuma, walitumia asilimia 0.17 tu na kaboni monoksaidi iliungua vizuri.

Kuosha sapoti tumieni maji yaliyoondolewa ayoni, narudia, siyo ya bomba. Maji mengi ya ukanda wetu yana floraidi, mnajua wenyewe meno ya watu wa huku, na floraidi inapenda kung'ang'ania uso wa alumina (oksaidi ya alumini) na seria, yaani palepale unapotaka metali ikae. Kloraidi nayo inatoka kwenye chumvi yenyewe ya platinamu. Chukua maji ya mwisho ya kuoshea, dondoshea silva naitreti, yakiweka ukungu mweupe bado hujamaliza, rudia.

Kuhusu joto msikariri kwamba joto siku zote ni adui. Mwaka 2016 kuna kundi la Marekani lilichoma platinamu na seria kwenye hewa kwa nyuzi 800, platinamu ikawa oksaidi inayoruka kama mvuke, ikaenda kunaswa kwenye seria ikiwa atomu moja moja. Ila hiyo ni hewa! Ukipeleka resipe hiyohiyo kwenye haidrojeni usishangae ukikuta chembe. Na umeme ukikatika tanuri likiwa katikati, andika kwenye daftari lilifika nyuzi ngapi na likakaa muda gani, usiwashe tena ukajifanya hakijatokea kitu maana hiyo ni sampo nyingine tayari.

Halafu suala la ushahidi, hapa ndo wengi wanabanwa siku ya kutetea. Eksirei ya fuwele isipoonyesha platinamu haijathibitisha chochote, kwa asilimia 0.2 hata chembe ndogo hazionekani. Anza na infraredi ya kaboni monoksaidi, yaani gesi hiyo inashika platinamu halafu unasoma mistari yake: mstari wa karibu 2100 kwa kila sentimita (cm⁻¹) peke yake ni dalili nzuri, ukiona na mwingine kwenye 1850 hivi ujue kuna atomu zimekaa jirani. Hadubini ya elektroni inaonyesha atomu kabisa lakini kieneo kidogo mno, kwa hiyo picha moja kali haitoshi. Kwa wastani wa sampo nzima unahitaji sinkrotroni, mashine kubwa ya kutoa eksirei kali, na Afrika hatuna bado, ya karibu inaitwa SESAME, iko Jordan, kuomba muda huko kuna foleni, mwambieni supavaiza mapema siyo semista ya mwisho.

Na gawa sampo mapema, sehemu ibaki mbichi na sehemu iingie kwenye riaksheni, zote zipimwe, kwa sababu mtahini ataanza na hiyo iliyotumika.