Simu yenye kioo kibovu imegoma kuitambua kompyuta

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi simu hapa Majengo, Dodoma. Nina simu ya Android 12 ya kupokelea meseji za wateja. Kioo kimekufa, giza tupu, na tachi haisomi, kwa hiyo naitazama kwenye kompyuta ya Ubuntu kwa kutumia scrcpy. Umeme ukikatika na kurudi, amri ya kwanza ya adb (programu ya kuiongoza simu kutoka kwenye kompyuta) husimama kidogo ikiandika "daemon not running", yaani adb haijawaka. Nikachoka. Jirani akanishauri niweke adb start-server kwenye crontab (orodha ya kazi zinazojiendesha) ya root, mtumiaji mkuu wa kompyuta, kwa @reboot, yaani kila kompyuta inapowaka. Kweli sasa inajiwasha, lakini adb devices inaandika "unauthorized" (haijaruhusiwa), na pa kubonyeza "Ruhusu" sipaoni. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Fundi simu mwenye simu yenye kioo kibovu! Kweli kinyozi hajinyoi.

Simu yako haijaharibika. Tangu Android 4.2.2, simu haikubali utatuzi wa USB (kuongozwa na kompyuta kwa waya) mpaka iujue ufunguo wa kompyuta, na ufunguo huo hukaa ndani ya folda ya mtumiaji, kwenye ~/.android/adbkey. Ulipokuwa ukiwasha adb mwenyewe, simu ilikuwa inaona ufunguo wako, ule uliouruhusu kioo kikiwa kizima. Sasa anayeiwasha ni root, naye ana wake kwenye /root/.android. Kwa simu huyo ni mgeni, ndiyo maana inauliza upya, na wewe huna kidole cha kuijibu. Jirani alikusudia mema, ila root si dawa ya kila kitu.

Fungua sudo crontab -e, ufute ule mstari. Kisha andika adb kill-server, maana adb ya root bado imeshikilia mlango 5037 ambao adb hutumia, na ya kwako haitapata nafasi. Halafu, ili systemd (inayowasha huduma za Ubuntu) iiwashe adb kwa jina lako, tengeneza faili ~/.config/systemd/user/adb.service (folda kama haipo, iunde) uandike hivi:

[Service]
Type=forking
ExecStart=/usr/bin/adb start-server
ExecStop=/usr/bin/adb kill-server

[Install]
WantedBy=default.target

Hakikisha njia ya adb kwa which adb, kwani si wote walioiweka /usr/bin. Baada ya hapo:

systemctl --user daemon-reload
systemctl --user enable --now adb.service
sudo loginctl enable-linger $USER

Huo mstari wa mwisho wengi huuruka. Bila huo, huduma ya mtumiaji husubiri mpaka uingie na nywila. Ukiuweka, inaanza kompyuta inapowaka, wewe ukiwa bado unafungua kufuli la duka. Na inawaka kwa jina lako, kwa ufunguo wako. Andika adb devices. Mbele ya namba ya simu lisomeke neno "device". Likitokea "no permissions", weka kifurushi cha android-sdk-platform-tools-common kwa apt, chomoa waya wa USB uchomeke tena. Usirudi kwa sudo.

Nikuambie ukweli lakini: haya yote yanakuokolea sekunde chache tu. Adb hujiwasha yenyewe ukitoa amri yoyote, na scrcpy huiamsha pia. Ningekuwa mimi ningeiacha hivyo hivyo. Ila duka ni lako.

Kitu cha haraka zaidi ni hiki. Kuanzia Android 11, simu husahau kompyuta ambayo haijaungana nayo kwa siku 7. Kwa hiyo usiache jambo hili mpaka wiki ijayo. Ukishaingia, nenda Chaguo za wasanidi kupitia scrcpy, uwashe chaguo la kuzuia idhini ya adb isiishe muda. Kisha nakili folda ya .android kwenye flashi na uifungie mbali na kaunta, kwa sababu atakayeipata pamoja na simu yako ataifungua kama wewe.