Darasa la watoto 24 ni nafuu? Kwa mama anayetaka kumhamisha mwanawe

Dada, umeuliza kama umtoe kijana wako Mombasa, anakosoma Gredi ya 7 kwenye darasa la watoto zaidi ya 80, umpeleke kwa bibi yake Kinango, kaunti ya Kwale, ambako umesikia darasa lina watoto 24. Mimi nafundisha sekondari msingi (JSS, yaani Gredi ya 7 hadi 9) huko huko Kinango, shule ndogo ya serikali, tangu ngazi hii ianze 2023.

Mwaka huu tuna watoto 31 Gredi ya 7, 24 Gredi ya 8 na 19 Gredi ya 9. Jumla 74. Raha yake ipo, tena kubwa. Madaftari nayasahihisha siku hiyo hiyo, na aliyelala njaa namjua asubuhi kabla hajasema. Kuna msichana alikuja kwetu hajui kugawanya sehemu. Nilikaa naye wiki tatu, na sasa ndiye anayewaelekeza wenzake ubaoni. Kwenye darasa la 80 pengine hata jina lake nisingelishika.

Lakini ukihesabu watoto, hesabu na walimu. Kila gredi ina vipindi 40 kwa wiki, wawe watoto 19 au 90. Gredi tatu ni vipindi 120, na sisi walimu wa JSS ni watatu. Piga hesabu: kila mmoja 40, Jumatatu hadi Ijumaa hatoki darasani. Masomo ni 9, hata baada ya kupunguzwa 2024. Mimi nilisomea Hisabati na Fizikia, na leo nafundisha Kilimo na Lishe pia. Mmoja wetu akiugua, darasa zima linabaki peke yake.

Pesa nazo hufuata vichwa. Mgao wa serikali ni shilingi 15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa hivyo watoto 74 ni kama milioni 1.1. Mabati ya maabara bei ni ileile, uwe na watoto 74 au 400.

Halafu tazama ni watoto gani. Kwetu wengi ni Waduruma, wapo Wakamba na Wadigo. Umri ni miaka 12 hadi 17, maana ukame ule ulioisha 2023 uliwatoa wengine shuleni wakafuata mifugo. Gredi ya 9 wavulana ni 6 tu. Wenzao wako kwenye bodaboda. Linaloniuma zaidi ni Elimu ya Dini. Gredi ya 8 kuna Wakristo 15 na Waislamu 9, kwa hivyo kipindi kimoja kinataka walimu wawili kwa wakati mmoja, na sisi tunaye mmoja. Wale 9 walikaa chini ya mwembe na vitabu vyao miezi miwili, mpaka ustadhi wa madrasa ya jirani akajitolea. Mungu ambariki.

Kwa hivyo nenda shuleni siku ya kawaida, si siku ya mkutano wa wazazi. Uliza walimu wa JSS ni wangapi, nani anafundisha Sayansi Jumuishi, na kama dini ya mwanao ina mwalimu. Ukikuta watano, mlete hata muhula ujao. Ukikuta wawili, mwache Mombasa amalize Gredi ya 9, na umtafutie mtu wa kumsomesha Hisabati jioni.