Mbao za kijahazi zinapasuka zikikunjwa

Ndugu uliyeuliza kwa nini mbao za kijahazi chako cha mfano zinapasuka ukizikunja kuelekea omo (sehemu ya mbele ya chombo): unazikunja zikiwa kavu. Zipunguze unene hadi milimita 2 hivi, ziloweke kwenye maji ya moto nusu saa, kisha zizungushe taratibu kwenye chupa, uzifunge kwa uzi na uziache hadi kesho yake. Ukizibandika zikiwa na unyevu zitasinyaa, utaona mwanga kati ya ubao na ubao. Tazama pia nyuzi za mti: zikikatiza ubao badala ya kwenda na urefu wake, utavunjika hata uuloweke vipi. Na tafadhali usimalize upande mmoja kwanza! Ubao mmoja kushoto, mmoja kulia. Changu cha kwanza mkuku (mti mkuu wa chini ya chombo) ulipinda kwa sababu hiyo hiyo, nikakibomoa chote. Iliniuma sana.